Kutoka Baharini Mpaka Marshalltown

Marshalltown, Johannesburg
14 Februari 2016

Kaka yangu Pandu,

Assalaam alaykum na shikamoo. Huku hatujambo, mimi na Nusaiba. Mpwa wako amepata kazi kwenye duka la viatu mjini. Anatoka asubuhi na kurudi jioni miguu imevimba, lakini anacheka. Denise, yule Mkongo msusi tunayepakana naye mlango kwa mlango, anakusalimu ingawa hajawahi kukuona. Anasema mtu anayeandika barua ndefu hivyo lazima atakuwa padri. Nimjibu nini? Shangazi Bi Duni mwambie dawa yake ya macho nimempa Jumbe pamoja na barua hii, ipo ndani ya mfuko wa sabuni.

Najua masikio yako hayataki tena simu, nami nimeshazoea hivi: kumngoja Jumbe aje kununua nguo za jumla, nimlishe pilau, nimkabidhi bahasha, kisha nihesabu siku za basi mpaka Dar na za Dar mpaka Tanga.

Sasa jambo lenyewe. Kuna mama mmoja wa Kizungu, Hettie, mwalimu mstaafu, huja kula kwangu kila Ijumaa. Mwezi wa nne wa kila mwaka huongoza msafara wa baiskeli. Wanaanzia Durban, ufukweni kabisa, wanapanda mpaka Johannesburg. Siku tisa, karibu kilomita mia saba. Hawapiti barabara kuu ya malori. Wanapita njia za vumbi za mashambani, na kwingine wanapita juu ya matuta ya reli za zamani, zile ambazo treni zilikoma na vyuma vikang'olewa, ikabaki njia nyembamba katikati ya nyasi. Ijumaa iliyopita aliweka kijiko chini akaniambia, "Mwatumu, mwaka huu nataka twende na wewe."

Nimekubali. Tunaondoka tarehe kumi na sita Aprili. Niombee dua.

Mdogo wako,
Mwatumu


Ngamiani, Tanga
20 Machi 2016

Mdogo wangu Mwatumu,

Waalaykum salaam, marahaba. Barua imenikuta barazani nikinyoosha gurudumu la mtu. Bi Duni dawa ameipata, na sasa anasema anaona mpaka uchafu wa nyumba ya jirani, kwa hiyo umetuletea balaa. Mwambie huyo Denise mimi si padri, mimi ni fundi baiskeli, ila wanaoungama kwangu ni wengi. Kila mwenye gurudumu lililopinda huja na kisa chake.

Habari yako niliisoma mara mbili kimyakimya, mara ya tatu nikaisoma kwa sauti. Kisha nikajikokota mpaka kwenye kijiwe cha kahawa nikawasomea wote. Mdogo wangu anapanda kwa baiskeli kutoka baharini mpaka Johannesburg! Yule fundi cherehani wa mtaa wa pili akasema mwanamke wa miaka hamsini na moja hawezi. Nikamwambia, huyu alikuwa na miaka kumi na mmoja alipokuwa akimpelekea baba chakula kwenye shamba la mkonge kule Pongwe, kwenye baiskeli ya kiume, mguu ameupitisha chini ya bomba kwa sababu hakukifikia kiti. Alikuwa anafuata reli ndogo ya troli za mkonge, peke yake, kwenda na kurudi, na mchuzi haumwagiki. Akarudi kwenye kikombe chake.

Sasa sikiliza. Kiti kiwe juu kiasi cha goti kubaki limekunjwa kidogo tu. Kwenye changarawe punguza upepo wa tairi. Mlimani usitazame kilele, tazama hatua tano mbele ya gurudumu. Usikanyage kwa hasira. Maji kunywa kabla ya kiu. Nimempa Jumbe kopo dogo la grisi, nzuri, usimwazime mtu.

Mwandiko umelala upande, usishangae. Nimeinua mguu juu ya kigoda. Kidole kina kidonda kidogo kinachokataa kukauka, na sukari nayo imepanda. Si jambo.

Ndugu yako mwenye kujivuna,
Pandu


Marshalltown
3 Mei 2016

Kaka Pandu,

Assalaam alaykum. Natumaini kidonda kimepona. Nusaiba na Denise wazima. Grisi imefika, ahsante.

Tumeenda na tumerudi salama. Nchi ni nzuri, baridi ni kali. Jumbe ana haraka ya basi, nitaandika vizuri siku nyingine.

Mwatumu


Ngamiani, Tanga
12 Juni 2016

Mdogo wangu,

Ramadhani imeingia kwa heri, Bi Duni anafunga ingawa tumemkataza. Mvua ilikuwa nyingi, barabara ya kwetu ina mashimo, na mashimo ndiyo riziki ya fundi.

Barua yako nimeigeuza nyuma nikadhani kuna maandishi upande wa pili. "Nchi ni nzuri, baridi ni kali." Hiyo ni barua ya mtu aliyekwenda kwa gari! Watu wananiuliza kila siku baada ya tarawehe. Kile kilima cha Van Reenen ulichokitaja kwa Jumbe, ulikipanda kwa saa ngapi? Gia ulitumia ipi? Ulishuka ukasukuma? Kushuka si aibu, sema tu. Ulipata panchari ngapi? Mikono ilikufa ganzi? Mimi huku nimeshajibu baadhi ya maswali kwa kukisia, na nataka kujua kama nimekisia sawasawa.

Kidonda kipo palepale. Tuyaache hayo.

Nangoja barua nzito.
Pandu


Marshalltown
7 Agosti 2016

Kaka yangu Pandu,

Assalaam alaykum na shikamoo. Nusaiba anakusalimu. Denise ameongeza kiti cha pili kwenye saluni yake na kuta zetu sasa zinanukia mafuta ya nywele mpaka kwenye maharage. Hiyo ndiyo habari ya nyumbani. Nimeiandika polepole kwa kuwa inayofuata ni ngumu.

Sikupanda baiskeli.

Hettie alinichukua nikawe mpishi wa msafara. Nilikuwa ndani ya lori pamoja na masufuria, mahema na viazi. Barua ya kwanza niliiandika vile kusudi. Sikusema uongo, lakini nilijua utakavyoisoma, na nilitaka uisome hivyo. Kisha yako ilipofika na habari ya kijiwe na fundi cherehani, nikashindwa kurudi nyuma.

Lakini hilo silo linaloniuma zaidi. Siku ya tano tulikuwa chini ya kilima cha Van Reenen. Wote walikuwa wameanza kupanda, nami nakunja turubai. Mama mmoja wa miaka sitini na kitu, mtu wa Soweto, alichelewa kwa sababu ya kiatu. Akaniona naitazama baiskeli yake. Akaniuliza kwa upole, "Wewe unajua kuendesha?"

Nikamwambia, "Hapana."

"Hata kidogo?"

"Sijawahi."

Kaka, sijui neno hilo lilitoka wapi. Labda niliona magoti yangu, au hii aproni. Labda niliogopa atasema panda ujaribu, na wote waniangalie. Akaondoka. Nikapanda lori, na njia nzima nilimtazama kwa dirishani. Alipanda polepole kama anayesoma kitabu, hakushuka hata mara moja. Juu nikawapikia supu. Kila mmoja aliisifu supu.

Sasa unajua. Waambie watu wa kijiwe ukweli, mimi nitastahimili.

Nisamehe.
Mwatumu


Ngamiani, Tanga
27 Novemba 2016

Mdogo wangu Mwatumu,

Waalaykum salaam. Bi Duni mzima. Barua yako ilikaa muda mrefu kabla sijaifungua. Nilikuwa na shughuli nje ya nyumba. Duka sasa naliendesha nikiwa nimekaa, na kuna kijana wa kunishikia vyuma.

Nimekasirika, ngoja nikueleze kwa lipi. Kupika si kosa. Watu hawapandi mlima kwa njaa, na pilau yako ni nusu ya safari yao. Kuniacha nijidanganye, hilo pia nimelimeza, kwa kuwa nilijidanganya kwa furaha. Lakini "Sijawahi"? Nani alikuwa anakimbia nyuma yako barabara ya Pongwe ameshika kiti, akaachia bila kukuambia? Nani aliyegeuka nyuma na kuniona niko mbali, badala ya kulia akacheka? Ulipomwambia yule mama kwamba hujawahi, ulinifuta mimi.

Kijiweni sijasahihisha neno hata moja. Wanajua mdogo wangu amepanda Van Reenen kwa miguu yake. Mimi ni mtu mzima, nina mvi, nimeaminiwa mtaani miaka arobaini. Siwezi kwenda kusimama pale na kusema nilisema uongo. Kwa hiyo imebaki njia moja tu ya kunifanya mkweli, nayo unaijua.

Aprili iko karibu. Anza na kilomita kumi.

Pandu


Marshalltown
29 Januari 2017

Kaka yangu,

Assalaam alaykum na shikamoo. Nusaiba amepandishwa cheo, sasa anashika funguo za duka. Denise anasema nimekuwa mwembamba na nimeanza kula kama askari.

Nilikaa na barua yako siku mbili, ya tatu nikashuka kwa mlinzi wa jengo letu. Alikuwa ametundika baiskeli ukutani, haina breki ya nyuma, mnyororo umekuwa mwekundu kwa kutu. Nimeifungua yote sakafuni jikoni. Grisi yako imetumika. Nilidhani mikono imesahau, kumbe haikusahau kitu.

Natoka Jumapili alfajiri, mji ukiwa haujaamka. Kilomita kumi, halafu ishirini, halafu arobaini. Navaa suruali pana na kofia ngumu juu ya mtandio. Wiki ya kwanza nikasimama kwenye robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, karibu na stendi ya teksi, na wapiga debe wakaniona. "Eish, gogo! Uyaphi?" Yaani bibi, unakwenda wapi. Nikawajibu, "Durban." Walicheka mpaka taa ikabadilika mara mbili. Sasa wananijua. Nikipita wananihesabia wiki zilizobaki.

Ijumaa nilimwambia Hettie, "Mwaka huu sipiki."

Akashtuka. "Basi atapika nani?"

"Mtafute. Mimi napanda."

Alinitazama kutoka kichwani mpaka viatuni, kisha akasema sawa, lakini kwanza nimwonyeshe: Heidelberg kwenda na kurudi, siku moja, yeye pembeni yangu. Tumekwenda jana. Ni kama kilomita mia. Kurudi nilitapika kando ya njia, nikafuta mdomo, nikapanda tena. Tulipofika mlangoni kwangu aliniambia maneno mawili tu: "Umo ndani."

Sasa na mimi nakuuliza. Jumbe alipokuja wiki hii nilimuuliza hali yako, akasema hujambo, lakini alikuwa anaitazama sahani. Nikamwambia, "Jumbe, nitazame mimi." Akasema, "Amenikataza." Nikamnyang'anya kijiko. Ndipo akasema kwamba mwezi wa nane, wakati mimi naandika habari za lori na supu, wewe ulikuwa hospitali, na mguu wa kulia wameukata chini ya goti.

Kaka. Miezi mitano! Na barua nzima umenigombeza kwa kuficha. Niambie kwa mkono wako. Nije?

Mwatumu


Ngamiani, Tanga
5 Machi 2017

Mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Bi Duni hajambo. Jumbe ana mdomo, na wewe umerithi ukali wa mama.

Usije. Ukija mwezi wa nne nani atapanda? Hilo uliloniuliza limeshapita na sitaki kuliandika. Usiliulize tena.

Tuzungumze mambo ya maana. Breki ya nyuma isifungwe kwa nguvu kuliko ya mbele. Badilisha mnyororo kabla ya safari. Ule wenye kutu utakusaliti mlimani. Heidelberg umefanya vizuri. Nimekwenda kijiweni kuwaambia kwamba mwaka huu unarudia.

Pandu


Marshalltown
7 Mei 2017

Kaka yangu Pandu,

Assalaam alaykum na shikamoo. Sote wazima. Nusaiba na Denise wamekaa mezani wananisimamia nisiruke kitu. Safari hii sifupishi.

Tulianza Jumamosi tarehe kumi na tano Aprili, pale Durban. Desturi yao ni kuingiza gurudumu la nyuma ndani ya maji ya bahari kabla ya kuondoka. Nilipoinama kushika gurudumu, wimbi likaja likanilowesha mpaka mapajani, basi nikaanza safari ya siku tisa na viatu vya chumvi.

Siku mbili za kwanza ni vilima vya miwa. Unapanda, unashuka, ulichokipata chote unakirudisha. Siku ya pili jioni sikuweza kukaa kitako kula, nilikula nimesimama. Mpishi mpya, Ruphin, mtu wa Lubumbashi, alinitilia ugali mara mbili bila kuniuliza. Tulikuwa kumi na watatu, na wa umri wangu au zaidi tulikuwa wanne. Yule mama wa Soweto alikuwepo. Jina lake Nomvula. Siku ya kwanza nilimwendea nikamwambia, "Mwaka jana nilikudanganya." Akasema, "Nilijua. Ulikuwa unautazama mnyororo, mtu asiyejua hautazami mnyororo."

Siku ya tatu tukaingia njia ya reli. Kaka, ungeipenda. Vyuma hakuna, mataruma yaliyovibeba hakuna, limebaki tuta lililonyooka, kokoto zimezama, nyasi zinakupiga vifundoni. Treni haipendi mlima mkali, kwa hiyo njia yake hupanda pole, unahisi kama kuna mkono mgongoni. Tulipita stesheni isiyo na paa, ng'ombe wamelala kwenye jukwaa la abiria wanatafuna. Hapo mbele mnyororo wa daktari mmoja ukakatika. Baiskeli yake ni nyepesi unaiinua kwa kidole kimoja. Lori liko mbali na vifaa viko humo, kwa sababu gari haliwezi kupita kwenye tuta. Wote wamesimama wanatazama simu zisizo na mtandao.

Nikatafuta msumari mwembamba kwenye kipande cha taruma kilichotupwa pembeni. Nikapata jiwe la chini na jiwe la juu. Kwa msumari huo nikaisukuma nje pini ndogo ya mnyororo, nikatoa kiungo kilichovunjika, nikaunganisha kilichobaki, nikaigonga tena taratibu kama ulivyokuwa ukigonga wewe, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Nilipouzungusha ukaenda. Daktari akaniuliza nimesoma wapi.

Nikamwambia, "Kwa kaka yangu Pandu, fundi baiskeli wa Ngamiani, Tanga."

Akanitaka nirudie jina. Nikalirudia. Mpaka tunafika Johannesburg, kila kitu kilicholia kwenye baiskeli ya mtu kililetwa kwangu.

Siku ya tano ni Van Reenen. Kulikuwa na ukungu na mvua nyembamba ya baridi. Nilitazama hatua tano mbele ya gurudumu. Nikiziona zimeisha, natazama nyingine tano. Wenye nguvu walinipita. Nomvula akanipita, akanigusa bega. Hettie siku hiyo goti lilimkatalia, kwa hiyo alikuwa ndani ya lori, na lori likaja taratibu likawa sambamba nami. Akashusha kioo.

"Mwatumu, midomo imekuwa ya bluu. Panda gari. Hakuna atakayesema neno."

"Nitasema mimi."

Akafunga kioo. Ruphin kwenye usukani akatoa kichwa upande wa pili, akapiga kelele, "Mama, inabakia kidogo tu! Usiache!" Haikubaki kidogo. Alinidanganya kwa nia njema mara nne. Nilishuka mara moja, nikasukuma hatua kama mia mbili, nikapanda tena. Nakuambia kwa kuwa ulisema nikuambie. Ilinichukua saa tatu na dakika kumi na tano, gia ya chini kabisa. Juu hapakuwa na cha kuona, ukungu mtupu. Nikasimama nimeegemea usukani, nikalia, na sikuona haya. Halafu nikanywa supu ya Ruphin. Chumvi imezidi, lakini niliisifu.

Baada ya hapo nchi ni tambarare, mahindi makavu pande zote na upepo wa usoni unaokuumiza kuliko mlima. Siku tatu za vumbi. Siku ya tisa, Jumapili, tukaingia Johannesburg. Msafara huishia kwenye bustani moja ya upande wa kaskazini. Watu wanapiga picha, wanapakia baiskeli kwenye magari yao. Hettie akasema Ruphin atanifikisha nyumbani kwa lori.

Nikamwambia hapana. Nilisema napanda mpaka Johannesburg, na Johannesburg yangu ni Marshalltown.

Nikaenda peke yangu. Nilipopita stendi ya teksi wale wapiga debe walinijua kwa vumbi. Mmoja akapiga honi, halafu wote wakapiga, mlio ule ukanifuata mitaa miwili. Denise akatoka saluni na chanuo mkononi, nyuma yake mteja kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama, na huyo mteja asiyenijua ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Nusaiba aliichukua baiskeli, akaibeba begani ghorofa tatu, na mtu alipotaka kumsaidia alimkatalia.

Sasa nenda kijiweni. Kila ulichosema ni kweli.

Mdogo wako,
Mwatumu


Muheza
10 Septemba 2017

Mdogo wangu Mwatumu,

Waalaykum salaam, marahaba. Idd tumeila vizuri. Bi Duni anaomba umsalimie yule mteja wa kigelegele. Nusaiba mwambie kubeba chombo begani ni kazi, atajifunza kukipanda.

Barua yako sikuisoma kijiweni. Nilimpa fundi cherehani aisome yeye, kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho. Alipofika pale pa msumari na jiwe na jina langu, alisimama kidogo, akaanza tena mwanzo wa mstari. Nikamwacha. Watu waliniita kwa heshima siku hiyo, wakanipa kahawa ya pili, na mimi nikakaa pale nikaona aibu, kwa sababu wewe ulimwambia yule mama ukweli usoni, na mimi nimekukataza hata kuuliza.

Basi naandika. Mguu wa kulia ulikatwa tarehe kumi na tisa Agosti mwaka jana. Nilikaa miezi nikijiona nimekwisha. Fundi baiskeli asiyeweza kupanda baiskeli, nilisema, ni kama mtu wa kuchekwa. Barua yako ya lori na supu haikukaa bila kufunguliwa kama nilivyokuambia, nilisomewa na Bi Duni nikiwa kitandani hospitali, na ndiyo iliyonitoa pale, kwa sababu nilipata mtu wa kumkasirikia.

Mwezi wa sita nilianza kuunda chombo. Magurudumu matatu, mawili ya nyuma, moja la mbele, pedeli nimezipandisha juu kifuani, zinakanyagwa kwa mikono. Mnyororo wa baiskeli mbili umeunganishwa. Breki nimeitengeneza upya mara tatu. Watu walidhani ni ya mteja.

Jana Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, nikatoka. Bi Duni alikuwa barazani, akauliza, "Unakwenda wapi na hicho?" Nikamwambia Muheza. Akasema nile kwanza. Nikamwambia nimeshakula. Sikuwa nimekula.

Kilomita thelathini na tano, mdogo wangu. Mpaka Pongwe nilikuwa naimba. Baada ya Pongwe sikuimba tena. Kando ya mashamba ya mkonge niliiacha lami, nikafuata njia ya miguu iliyo sambamba na reli yetu, ile ya kwenda Moshi, ambayo nyasi zimeota katikati kwa kukosa treni. Ni kweli usemavyo, reli haipendi mlima mkali. Lakini kuna kilima kimoja kabla ya kuingia mjini, si kirefu, na mikono yangu ilikuwa imechubuka viganjani, mabega yanatetemeka kama mashine ya kusaga. Mara mbili nilirudi nyuma, nikakamata breki. Mwendesha pikipiki mmoja akasimama, akataka kunivuta kwa kamba. Nilimshukuru, nikamwambia atangulie.

Niliingia Muheza baada ya sala ya alasiri. Nikasimamisha chombo sokoni mbele ya wauza machungwa, shati limenigandia mwilini, siwezi hata kukunja vidole kushika chungwa nililopewa. Ilibidi mama mmoja animenyee. Wakakusanyika kukitazama chombo, wakashika mnyororo, wakauliza kimetoka nchi gani. Kisha mzee mmoja akachungulia nyuma yangu, akatazama barabara, akaniuliza, "Nani amekuleta?"

Nikamwambia, "Nimekuja mwenyewe."

Pandu